Baba Aliishi Kabla ya Jumanne Ile

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa ndizi na mwenye duka pale Bukoba, na kwa miaka mingi sikuweza kusema hata hayo machache. Mtu akiniuliza, "Baba yako yupo?" nilijibu, "Alikufa kwenye Bukoba." Basi. Watu wa Kagera huelewa mara moja kwamba unasema meli, wala si mji. Wanakupa pole, wanatazama chini, mazungumzo yanakwisha. Hakuna aliyeuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nami taratibu nikaanza kumsahau. Nilibaki na asubuhi moja tu ya maisha yake, ile ya Jumanne tarehe 21 Mei 1996, ambayo hata sikuwa naye.

Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyefiwa juzi, hasa kama kifo chenyewe kilikuwa cha kutisha na picha yake haikutoki machoni. Sijapona kabisa, nisikudanganye. Lakini Mungu amenivusha, na nitakusimulia nilivyovuka. Nianze na yeye mwenyewe, maana ndiye niliyempoteza mara mbili.

Alisoma hadi darasa la nne. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979 bidhaa zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na Baba akanunua baiskeli kuukuu akaanza kuzungusha chumvi vijijini. Alipanda milima akiisukuma, akateremka akiwa ameikalia huku akipiga kengele, na akina mama walimjua kwa kengele ile kabla hawajamwona. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, alikuwa na miche ya sabuni aliyoipata kwa njia ambayo hakuwahi kutueleza vizuri. Akailaza chini kabisa kwenye mtumbwi ambao babu alitumia kukamulia ndizi, akaifunika kwa majani ya mgomba. Babu hakuambiwa. Akaja na ndizi zake mbivu na nyasi zake, akakanyaga kama kawaida. Wanasema lubisi, pombe yetu ya ndizi, ya wiki ile ilitoa povu ambalo kijiji hakijaliona tena, na kuna mzee aliyekunywa akasifu.

Wakimbizi wa Rwanda walipofurika Ngara mwaka 1994, Baba alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutoka kwetu kupeleka lori la ndizi kambini Benaco. Alirudi amekonda, amenyamaza, akatuambia watoto tusimwage chakula. Kisha kesho yake akaondoka tena na lori la pili. Ndivyo alivyokuwa. Alikunywa chai amesimama. Alihesabu fedha akitembea. Alizungumza na wateja watatu kwa mpigo, mmoja Kihaya, mmoja Kiswahili, mmoja Kiganda, na chenji haikupungua.

Akifika nyumbani jioni, mbio zote aliziacha mlangoni. Alikaa kwenye kigoda, akatuita mmoja mmoja. Swali lake lilikuwa lilelile kila siku: "Leo umejua nini ambacho mimi sikijui?" Ukimshinda unapata pipi. Siku niliyomweleza kwamba jani la mmea hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, alishangaa kwelikweli, akatoka nje na taa ya chemli kwenda kutazama mgomba. Kesho yake aliwaeleza wateja wote dukani, wengine wakadhani ni habari za kanisani. Mama alipojifungua kitindamimba wetu kwa upasuaji, Baba alifua nepi mwenyewe, mbele ya nyumba, mahali panapoonekana. Wanaume wakipita wakicheka aliwauliza kama wanataka kununua sabuni. Sisi tulimwita Taata, na jina hilo nikiliandika hapa mkono bado unasita kidogo.

Kufikia mwaka 1996 biashara yake ilikuwa ya kwenda na kurudi ziwani. Alipakia mikungu ya ndizi Kemondo au Bukoba, akalala melini, asubuhi yuko Mwanza. Akarudi na mafuta ya pamba, mabati, vitenge, na chochote kilicholetwa na treni kutoka Dar es Salaam. Barabara ya Biharamulo ilikuwepo, lakini ilikuwa vumbi na mashimo, na msituni kulikuwa na majambazi. Watu wenye akili walipanda meli. Hilo nalo lilinitesa baadaye. Yeye alichagua njia salama.

Mimi nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni huko Mwanza. Kila akija alipita shuleni, na hakuja mikono mitupu. Mwezi Mei kwetu kuna msimu mdogo wa senene, na katika barua yake ya mwisho aliandika kwamba Mama ameshawakaanga, wamo kwenye kopo, nijiandae.

Jumanne ile tulikuwa darasani. Saa nne hivi mwalimu aliingia, akazungumza kwa sauti ndogo na mwalimu mwenzake. Kisha akasema wanafunzi wote wa Kagera watoke nje.

Tulikuwa wengi. Tulisimama chini ya mti. Hakuna aliyetuambia kitu kwa muda. Matroni alikuwa analia, na hapo ndipo nilipoanza kutetemeka, kabla sijajua sababu. Halafu wakatuambia. Meli imepinduka. Ilikuwa imekaribia kufika. Mwanza ilikuwa inaonekana.

Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa anafanya kazi reli, akaja kunichukua. Njiani hakusema neno. Radio ilikuwa inapiga muziki wa maombolezo, na baadaye Rais Mkapa akatangaza siku tatu za kuomboleza. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria 430. Waliokufa, kwa hesabu zilizotolewa baadaye, walizidi 800. Hesabu hizi nilizijua nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilikuwa ninahesabu mtu mmoja.

Mama na baba mdogo walifika kwa basi la Biharamulo. Mama alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Aliniuliza, "Amefika?" Alidhani labda. Sisi sote tulidhani labda. Labda aliogelea. Labda aliachwa Kemondo akigombana na mpakiaji juu ya bei, hilo lingekuwa jambo lake kabisa.

Miili ilikuwa inaletwa Uwanja wa Nyamagana. Mjomba hakutaka niende. Mama alisema niende. Sijui kwa nini alisema hivyo na sijawahi kumuuliza. Nadhani hakutaka kuwa peke yake.

Baba alikuwa amekatika ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto, kwa mashine ya kukoboa kahawa. Baba mdogo akasema, sura zimeharibika na maji, tutazame mikono.

Tukatazama mikono.

Mkono wa mwanamume. Siye. Mwingine. Siye. Mwingine, una saa, imesimama. Siye. Harufu. Mama alinifunga khanga yake puani. Mkono mdogo sana. Mama akanigeuza. Mwingine. Watu walikuwa wanapiga kelele huku na huku, kila kelele ina maana mtu amemwona wake. Niliwaonea wivu. Mungu anisamehe, niliwaonea wivu. Mwingine. Siye.

Tulirudi tena. Na tena. Baadaye miili haikuweza kusubiri, na ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma pamoja. Huenda yumo. Huenda yumo ziwani. Hadi leo hatujui.

Usiku mmoja Mjomba alizungumza na majirani sebuleni. Walidhani nimelala. Alisema meli ilipopinduka haikuzama mara moja, ilielea saa nyingi tumbo juu. Alisema waliokwenda na boti walisikia watu wakigonga kwa ndani. Wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa ikatoka. Meli ikashuka.

Nilikuwa nimelala ukutani. Niliisikia kila sentensi.

Kuanzia usiku ule nilikuwa ninasikia kugonga. Nilijua si kweli, lakini nilikuwa ninasikia. Nilihesabu: labda ni yeye anagonga, ana kidole kifupi, atagonga vibaya, hawatamsikia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikumwambia mtu. Fundi akipigilia misumari kwenye bati, hata leo, mimi huondoka mtaani. Mume wangu anajua. Tulipoezeka nyumba yetu alinipeleka kwa wifi hadi kazi ilipokwisha, wala hakuniuliza.

Ndugu msomaji, kama wewe nawe kuna jambo ulilisikia kutoka chumba cha pili, mwambie mtu. Nilikaa nalo muda mrefu kupita kiasi.

Nilikataa kubaki Mwanza. Tukarudi nyumbani kwa basi. Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba yake, na watoto wake wakikua wanapalilia kumzunguka. Wazee walikaa, wakajadiliana, na mwisho hawakuchimba kitu. Misa ikasomwa. Watu wa jumuiya walikuja kila jioni kusali rozari, wakaleta ndizi, maharage, kuni, maji. Sikuwa ninasali. Kwenye Baba Yetu nilinyamaza kila tulipofika mahali pa mapenzi yake. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa anakaa karibu nami na alijua ninanyamaza. Hakunikemea. Alipandisha sauti yake kidogo hapo, akasema kwa niaba yetu wawili.

Mwaka ule watu wengi hawakula samaki. Sisi hatukula kwa muda mrefu zaidi. Nilikonda, nywele zikanyonyoka, shuleni nilikohamia nilikaa dawati la nyuma nikiwa mtu wa kuwepo tu. Usiku nililala na viatu. Kama ningepewa nafasi ya kutoamka, sidhani kama ningekataa. Hapo ndipo palipokuwa chini kabisa, na nilikaa hapo hadi mvua za mwaka uliofuata.

Kilichonitoa ni jambo la kawaida sana. Mama alikuwa hana fedha.

Baba alikuwa amekopesha mji mzima. Mikungu iliyozama ilikuwa na watu wanaodai sehemu yao. Baba mdogo aliacha kibarua chake akaja kusimamia duka, lakini yeye ni mtu wa ng'ombe, hakujua nani anadaiwa nini. Yote yalikuwa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, na mwandiko wa Baba ulikuwa wa mtu anayeandika akiwa anatembea. Mama alishindwa kuusoma. Mimi niliuweza, kwa sababu ya barua za shuleni. Basi jioni moja Mama akaweka taa mezani, akasema, "Njoo, mama, nisomee."

Nikasoma. Jina, kiasi, tarehe. Halafu kando ya majina kulikuwa na maneno madogo ambayo hatukuyategemea. Huyu atalipa baada ya kahawa, usimsumbue Aprili. Huyu usimdai mbele ya mkwewe. Huyu mama apewe chumvi hata kama hajalipa ya nyuma. Huyu husema atalipa Jumamosi. Muulize Jumamosi ya mwaka gani. Na kwa mmoja, ambaye sitamtaja maana wajukuu zake ni rafiki zangu, aliandika: mwongo hodari, ananifurahisha, auziwe kwa fedha taslimu tu.

Mama alicheka. Hakuwa amecheka tangu Mei. Alicheka hadi akaweka kichwa mezani, na kucheka kukageuka kilio, na mimi nikalia naye, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulia kwa sababu ya Baba badala ya kulia kwa sababu ya meli. Tofauti hiyo nilikuwa siijui. Usiku ule nililala.

Tukawa tunasoma kurasa chache kila jioni. Wadogo zangu walikuja kukaa. Baba mdogo alikuja, akaongeza hadithi: ile ya sabuni na lubisi nilielezwa vizuri wakati huo. Bibi akasema Baba alitembea kabla ya kusimama, jambo lisilowezekana, lakini tulimwachia. Nilikuwa ninamsikia Taata akizungumza, na alipozungumza, kugonga kulikoma.

Mama akajifunza biashara kutoka kwenye daftari lile. Alikwenda kwa kila mdaiwa kwa namna iliyoandikwa. Wa kahawa alimsubiri hadi kahawa. Aliyekuwa na mkwe alimwita pembeni. Wengi walilipa, na baadhi walikuja wenyewe kabla ya kuitwa, mmoja akiwa na mbuzi kwa kuwa hakuwa na fedha. Wapo waliosema wameshalipa, Baba ndiye hakuandika. Mama aliwatazama tu. Ziwa hakulitaka tena, kwa hiyo aliigeuza biashara uso: akaanza kwenda Mutukula mpakani na kuleta bidhaa za Kampala. Kwa hizo tukasoma sote. Ninapoona watu wakisema mjane amesaidiwa na ukoo, mimi huongeza kimoyomoyo kwamba ukoo wetu ulisaidia kweli, ila pia mjane alikuwa mkali.

Miaka ikapita. Nilisomea ualimu, nikaolewa, nikapangiwa Muleba, nikapata watoto. Barabara ikawekwa lami. Meli sikupanda.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara. Nilizima radio, nikaiwasha, nikaizima. Zaidi ya watu 200 walikufa. Siku mbili baadaye wazamiaji wakamtoa fundi mitambo akiwa hai, kutoka ndani ya kivuko kilichopinduka. Hai. Nilikuwa jikoni niliposikia. Nilikaa sakafuni. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mke wa mtu yule, na wakati huohuo yale ya Mwanza yakarudi yote, kila kugonga. Safari hii nilimpigia simu Mama palepale, nikamwambia nilichokisikia sebuleni kwa Mjomba. Alikaa kimya. Akasema, "Nami nilikisikia, mwanangu. Nilikuwa nimelala upande wako wa pili."

Miaka yote ile. Sote wawili, kitanda kimoja.

Novemba 6, 2022, ndege iliyokuwa inatua Bukoba iliangukia ziwani, wakafa watu 19 kati ya 43, na wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Sikulala na viatu usiku ule. Niliogopa, nikasali, nikawapikia watoto. Nadhani hiyo ndiyo namna ninavyojua nimevuka: hofu inakuja, na uji unaiva hivyohivyo.

Kisha Mama akataka kwenda Igoma, kwenye kumbukumbu ya tarehe 21 Mei. Nikamwambia tutakwenda kwa basi. Akasema basi linaua magoti yake, na kwamba MV Victoria imetengenezwa upya, inakwenda Mwanza tangu mwaka 2020, ina vitanda. Nilimtazama nikadhani anatania. "Mimi ni mzee," akasema. "Ninataka kulala safarini." Hakutaja kitu kingine.

Tulipanda. Nilikagua maboya ya kujiokolea kabla sijaweka begi chini. Nilijua mlango uko wapi na ngazi iko wapi. Kemondo walipakia ndizi, na kila mkungu ulioingia niliuhesabu, hadi kijana mmoja wa kazi akaniuliza kama ni zangu. Sikufumba macho. Mama alikoroma hadi asubuhi, akaamka, akataka kujua mkungu Kemondo sasa ni shilingi ngapi. Nilimwambia. Akasema wanaibiwa.

Igoma kulikuwa na watu wengi, viongozi wa dini, na familia kama zetu zimekaa kwenye majani. Ibada ilipokwisha Mama akaomba nimsogeze pembeni, mahali penye kivuli kidogo. Hatujui kama Baba yupo pale. Mama aliamua kwamba yupo. Akakaa chini, akatoa kwenye pochi karatasi aliyonakili kutoka kwenye daftari, akavaa miwani, akaanza kumpa Baba hesabu kwa Kihaya, kwa sauti ya kawaida ya dukani. Watoto wote wamesoma. Duka limehamia karibu na stendi. Wa kahawa alilipa. Wa mkwe alilipa, na mkwe mwenyewe amefariki. Mama wa chumvi alilipa kwa mayai, ikachukua miaka.

Nilimwambia jua limekuwa kali, tuondoke. Akasema nisimharakishe, bado hajafika kwa yule mwongo hodari, ambaye hajalipa mpaka leo na amejenga ghorofa.